Kanzu Iliyohukumiwa Miezi Kumi na Tisa

Hapo zamani, katika mji wa Kwazini, ambao leo hata ukuta wa kuuonyesha haukusalia, alikuwapo dobi mmoja jina lake Vuai. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, na mali yake yote ilikuwa jiwe la kufulia na wana wawili, Khatibu na Hamadi. Kila nguo ya mji ilipita mikononi mwake, ya muuza mbaazi na ya Sultani, naye alizitia alama ya uzi ndani ya pindo, kila nyumba na rangi yake, zisije zikapotea. Uzi mwekundu ulikuwa wa jumba la Sultani.

Sultani wa mji huo, Mwinyi Zahoro, alichukia bangi. Kuichukia bangi si vibaya, na mwenye kusimulia haya haisifu. Lakini sheria aliyoitunga ilikuwa hivi. Alimteua mzee mmoja, Pandu, kuwa Mnusaji Mkuu, azunguke mjini akinusa nguo za watu. Ambaye nguo yake ina moshi wa bangi, hufungwa. Kipimo kilikuwa chafya: Pandu akipiga chafya moja, ni mwezi mmoja, akipiga tatu, ni mitatu. Nguo yenyewe huvuliwa ikafungiwa ghalani kuwa ushahidi. Na mtu akiomba atazamwe uso, aulizwe habari zake, Sultani hujibu, "Sheria yangu haina macho, ina pua."

Bangi iliyokamatwa ilichomwa kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, mbele ya jumba. Sultani hukaa karibu kabisa na moto, kwa kuwa ndiyo heshima, na upepo humletea moshi usoni. Na adabu ya mji ilikuwa mtu asiondoke kabla ya Sultani, na Sultani asiondoke kabla moto haujazimika. Basi raia nao wakawa hawakosi. Wakaja na mikeka, wakakaa upande unaokwenda upepo, wakarudi majumbani wakiimba. Hapakuwa na siku watu walipoipenda serikali kama Alhamisi. Sultani mwenyewe siku hiyo hula sinia zima la halwa, akamcheka nzi, akagawa vyeo. Waziri Badawi alipata uwaziri Alhamisi.

Ikawa Khatibu, mwana mkubwa wa dobi, alivuta kweli. Alianza mama yake alipofariki, akawa mtu wa kulala mpaka jua limepanda. Pandu akamnusa, akapiga chafya tatu. Bangi ilikuwa naye miaka miwili, ikamfanya mvivu. Jela ilikuwa naye miezi miwili, ikamfanya maiti. Vuai akamwosha kwa mikono ile ile ya kufulia, akamzika, akasema yaliyoandikwa na Mola hayafutiki, akarudi kwenye jiwe lake.

Mwaka haukuisha, Hamadi naye akakamatwa. Huyu hata tumbaku hakuijua. Alikutwa njiani na furushi la nguo chafu za watu kichwani. Siku hiyo Pandu alikuwa na mafua. Akapiga chafya nane, na ya tisa wakamsamehe.

Baada ya siku chache ikaja habari kuwa Hamadi ameanza kutetemeka, kwa homa ile ile ya jela iliyomuua nduguye. Basi Jumanne Vuai akavaa kanzu yake yenye viraka, akaenda barazani.

Akakuta wakubwa wanajadiliana, maana jela ilikuwa imejaa mpaka wafungwa wanalala kwa zamu, na moshi mjini haujapungua.

Waziri Badawi akasema, "Bwana wangu, viongezwe viboko."

Tabibu Nasoro, aliyewatibu wafungwa, akasema, "Bwana, mwenye kikohozi hupigwa viboko akapona? Huyu mvutaji ana maradhi au ana huzuni. Akiletwa kwangu, huenda nikamsaidia. Akipelekwa jela, anarudi na homa juu ya bangi."

"Tabibu," akajibu Waziri, "hebu sogea, kanzu yako nayo inuswe." Wakacheka wote, na tabibu akarudi nyuma, kwa kuwa hata mtu asiyevuta aliiogopa pua ile.

Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu Sultani, nina mwana mmoja tu aliyebaki. Hakuvuta. Nirudishie kabla sijaitwa tena kumwosha."

Sultani akasema, "Kila baba husema mwanawe hakuvuta. Lakini sikiliza, ewe dobi. Nimefunga watu mia sita, na moshi bado upo. Lazima yuko mvutaji mkuu, baba yao wote. Wewe unafua nguo za mji mzima. Niletee Ijumaa nguo ya huyo anayewapita wote, nami nitamtoa mwanao. Ukishindwa, mtalala jela pamoja."

"Nimlete mtu, bwana, au nguo?"

"Nguo. Sheria yangu haina macho."

"Na akiwa ni mkubwa?"

"Hata awe ndugu yangu tumbo moja! Andika, karani, nitie muhuri."

Karani akaandika, Sultani akatia muhuri. Vuai akashukuru, akaenda zake kufua.

Alhamisi moto ukawashwa kama desturi. Sultani akacheka mpaka halwa ikamwangukia kifuani, mji mzima unaona. Jioni mtumishi akapeleka kanzu kwa dobi, ili irudi asubuhi imefuliwa na kufukizwa udi, maana Sultani hakuwahi kwenda Ijumaa msikitini akinuka. Safari hiyo Vuai alimrudishia nyingine iliyokwisha kufuliwa, na ile hakuitia maji.

Ijumaa baada ya sala baraza likajaa. Vuai akaingia na furushi la shuka. Ndani yake kanzu imegeuzwa ndani nje, umeachwa mkono mmoja tu umetokeza.

"Mnusaji," akaamuru Sultani, "fanya kazi yako."

Mzee Pandu akainama, akavuta pumzi. Akapiga chafya. Akapiga ya pili, ya tatu, akashikwa kiuno na askari wawili, na karani akawa anahesabu kwa sauti. Ilipofika ya kumi na tisa kilemba kikaanguka, naye akalia, "Basi! Bwana wangu, huyu havuti bangi. Huyu anafukizwa nayo kama udi!"

Sultani akasimama kwa hasira. "Miezi kumi na tisa! Na asiombewe!"

"Na nyumba yake ivunjwe," akasema Waziri, asije akapitwa.

"Na nyumba yake ivunjwe! Dobi, tuonyeshe ni ya nani."

Vuai akafungua furushi taratibu, kama mtu anayeanika. Akaonyesha pindo: uzi mwekundu. Akaigeuza kanzu: doa la halwa kifuani, bado linanata.

Baraza zima likatazama chini. Waziri akaanza kuyatazama mapaa ya jumba aliloagiza livunjwe.

Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mimi sikuvuta. Nilikaa tu palipo na moshi."

"Ndivyo alivyosema Hamadi, bwana," akajibu Vuai. "Khatibu hakusema hivyo, kwa kuwa alivuta na uongo hakuujua. Yule aliyesema kweli nimemzika. Huyu aliyesema kweli vilevile anatetemeka. Nawe umesema kweli, na muhuri ni wako. Sasa twende jela sote, au tufungue mlango."

Kisha Sultani akaanza kucheka, kidogo, halafu sana, mpaka baraza lote likacheka naye. Vuai hakucheka. Sultani akamwona, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Siku ile ile mlango wa jela ukafunguliwa, na Hamadi akabebwa hadi kwa Tabibu Nasoro, akapona. Sheria ikabadilishwa: mvutaji apelekwe kwa tabibu, chafya zisihesabiwe tena. Bangi ikawa inafukiwa shimoni, na watu wakarudi na mikeka yao wakinung'unika. Mzee Pandu akapewa kazi ya kunusa samaki sokoni, na tangu hapo hakuna aliyeuziwa samaki aliyeoza.

Sultani akamwambia Vuai, "Omba lolote nikupe."

"Katika ghala la ushahidi," akasema, "iko kanzu ya mwanangu Khatibu. Naitaka hiyo."

Akapewa. Alifua nguo za mji ule mpaka nguvu zikamwishia, lakini kanzu hiyo hakuigusisha maji. Jirani mmoja alimwambia, "Mzee Vuai, ifue, inanuka bangi."

Akaikunja upya, akairudisha mahali pake, akasema, "Inanuka Khatibu."