Gari Lililopimwa kwa Mguu wa Muuza Chai

Mnaotafuna pipi huko nyuma, mezeni kwanza, maana sitarudia.

Kulikuwa na mzee mmoja huko milimani, ana gari lake la jipu, kuukuu, mkweche haswa, milango haifungi mpaka uibembeleze. Lakini ndilo lililokuwa likishusha wagonjwa na waja wazito hadi zahanati. Shida yake tumbo. Springi zilikuwa zimelala, gari limekaa chini kama kuku anayeatamia, na ile njia ina tuta la udongo katikati. Mvua ikinyesha, magurudumu yanazama, tumbo linalala juu ya tuta, mgonjwa anashushwa kwenye tope. Mwaka mmoja mwanamke akazalia pale pale, na mtoto hakulia. Mmenielewa. Hilo ndilo lililompeleka mzee gereji.

Akamwendea fundi wa njia panda, ambaye hana hata kibao mlangoni.

"Fundi, niinulie gari. Springi mpya siziwezi, na masika hayo yanakuja."

Fundi hakusema "haiwezekani," lile neno la mafundi wavivu. Aliingia kwenye lundo la magari yaliyokufa, akatoka na springi nene za gari lililokuwa likibeba maji. Akazigonga moja moja kwa spana, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Ikilia ngo, anaweka kando. Ikilia pwa, ina ufa, anatupa. Shokapu ndefu akazitoa kwenye gari lililoumia mbele, maana nyuma lilikuwa zima. Akaona paipu ya breki itavutika gari likipanda, akatafuta iliyo ndefu. Mtu huyo mikono yake ina akili kuliko vichwa vingi ninavyoviona hapa mbele yangu, na msininunie.

"Sasa, mzee wangu, nikuinulie kiasi gani?"

"Weka shubiri mbili! Jirani yangu kainua lake, mbuzi wanapita chini hawainami."

"Humo wanapanda nani?"

"Wagonjwa. Wanawake wenye mimba."

Fundi akageuka. Pale gereji kulikuwa na dada anauza chai, tumbo la miezi minane linamtangulia.

"Dada, samahani. Simama hapo mlangoni, uinue mguu mpaka mwisho wako."

"Mwisho wangu huu hapa. Na ukicheka nakumwagia birika."

Hakucheka. Akachukua kamba, akapima toka ardhini hadi unyayo wake, akafunga fundo.

"Sakafu ya gari haitavuka fundo hili. Vidole vinne vinatosha kuruka tuta lenu, mzee. Cha tano ni majivuno."

Mzee akavimba. "Gari langu lipimwe kwa mguu wa muuza chai?"

"Ulitaka lipimwe kwa mbuzi wa jirani?"

Mzee akaondoka, gari limepanda vidole vyake vinne, kanuna njia nzima.

Masika yakaja. Binti wa yule mzee alikuwa amerudi kujifungulia kwa mama yake, mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Uchungu ukamshika mchana, mvua inamwagika, na baba yuko njiani anarudi kutoka kumpeleka mgonjwa mwingine. Mama akamkimbilia jirani. Jirani hana roho mbaya, akaja haraka, gari lake refu likaruka tuta kama halipo. Likasimama mlangoni. Binti akainua mguu. Haukufika. Akainua tena. Haukufika.

"Mnyanyueni!" jirani akasema. Wanaume wawili wakamshika.

"Niacheni! Mnanipasua!"

Wakamweka chini, kwenye lile lile tope. Wamesimama hivyo, gari zima lipo, dereva yupo, mafuta yapo, safari hakuna. Ndipo mkweche ukatokea unatoa moshi. Baba akafungua mlango. Binti akaweka mguu mmoja, akashika kiti, akaweka wa pili, akakaa. Hakunyanyuliwa na mtu. Kwenye tuta likasikika kwaruzo dogo chini ya gari, kisha wakavuka. Mtoto alizaliwa kitandani zahanati, na alilia mpaka watu wakamchoka.

Mzee akarudi kwa fundi, kofia mkononi. "Fundi, ile kamba iko wapi? Naiomba niitunze."

"Umechelewa. Yule dada wa chai kaichukua, anaanikia nepi."

Haya. Sasa tugeukie sisi.

Kila Jumapili tunapanga foleni hapa mbele kushuhudia: Bwana ameniinua! Na ni kweli, ametuinua, tena wengi wetu kwa springi za watu waliokufa. Shamba la bibi, ada aliyolipa mjomba, jina jema la baba. Hakuna mpya hapa. Lakini tulipoinuliwa, tulipima kwa nani? Si kwa jirani na mbuzi wake? Umepata nyumba, mkweo anaogopa kukanyaga sakafu. Umepata cheo, mwenzako mliyechota naye maji anakusalimia akiwa mbali. Mimi mwenyewe nilipopewa uzee wa kanisa, mama mmoja alitembea wiki tatu akinizunguka kabla hajathubutu kuniambia shida yake. Wiki tatu! Nilikuwa nimepanda vidole vingapi?

Mungu hatuinui ili tuonekane. Anatuinua tuvuke tuta, tukiwa na mtu ndani.

Basi leo ukifika nyumbani, fungua mlango wako, mwite aliye mzito kuliko wote unaowajua, umwambie: inua mguu. Mguu wake usipofika, shuka wewe.