Mlango wa Mwanamize

"Mlango wa shairi haupigwi randa." Mmeisikia leo kwa mjomba wenu, mkacheka, mkaja kuniuliza milango na mashairi wapi na wapi. Nyinyi watoto wa mitihani! Mnanitajia sitiari, tashihisi na taashira bila kumeza mate, lakini siku mtu atakapokusemesha kwa sitiari kizingitini pako, utamjibu nini? Haya. Methali hii ilianza hivi, na atakaye kunikatiza aende kwanza akapepete mchele.

Zamani katika mji wa Mtangani aliishi seremala kijana aliyeitwa Mbaraka. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Kitanda alichokiunga yeye hakikulia hata akikilalia mtu mnene. Ila maneno, jamani, maneno hayakuwa fungu lake. Ukimwambia Mbaraka "maji yamezidi unga," atakwenda kukuletea unga.

Huyo Mbaraka alimpenda Mwanamize, binti aliyesifika mji mzima kwa kutunga beti. Alimpenda hasa, mpaka akisikia jina lake msumeno ulimpotea mstari. Akatuma wazee, posa ikapelekwa. Lakini posa ya pili nayo ilikuwa imekwisha kufika, ya Bwana Sefu, mwenye kinu cha mafuta kutoka mji wa pili. Baba mtu akasema, "Binti achague. Akinyamaza mpaka Shaabani iishe, nitachagua mimi, nami namtaka Sefu."

Sasa sikilizeni desturi ya Mtangani. Msichana hakusema "ndiyo" kwa kinywa chake. Angeonekana hana haya. Alitunga ubeti, akampa somo wake, yule mama aliyemfunda, akauimbe kwa mwanamume. Na somo alikuwa na mwiko mmoja: mjumbe hafasiri. Anaimba, anaondoka.

Basi asubuhi moja Bi Tausi, somo wa Mwanamize, akaingia karakanani kwa Mbaraka, akajitanda vizuri, akaimba:

*Mlango wangu wa kale, bawaba zimelegea,*
*Wengi wabisha milele, ndani sijawapokea,*
*Njoo fundi usilale, mwenyewe nakungojea,*
*Ukikawia, ni wale: mmoja ataingia.*

Eti mnacheka. Nyinyi mmeelewa mara moja, si ndiyo? Lakini Mbaraka alikuwa seremala, na amesikia mlango, amesikia bawaba, amesikia fundi. Isitoshe, na hili ndilo lililomponza, mlango wa kwa kina Mwanamize ulikuwa mbovu kweli! Mwaka wa pili ule wanaufunga kwa kamba.

Akaweka randa chini, akauliza, "Bawaba zilizolegea ni za juu au za chini?"

Bi Tausi akamtazama. Akaukumbuka mwiko wake. "Mbaraka mwanangu," akasema mwishowe, "mimi ni mjumbe tu."

"Basi mwambie asiwe na wasiwasi. Nitauleta mpya kabisa."

Masikini, hakuwa mzembe wala hakuwa na dharau. Alijiambia kwamba Mwanamize anampima. "Akiiona kazi ya mikono yangu, atajua mimi ni mtu wa kutegemewa, kisha ndipo atakapotoa jibu." Akatoa ubao wa mvule aliokuwa ameuweka kwa kitanda cha arusi yake mwenyewe, akauchonga mlango. Kazi nyingine zote akaziacha. Kila alipopitisha randa alikuwa akimwaza yeye.

Siku ya kuupachika, Mwanamize alikuwa ndani nyuma ya pazia, anasikiliza. Mbaraka akaung'oa mlango wa kale, akautia mpya, akafunga bawaba za shaba na komeo nene kama mkono wa mtoto. Alipomaliza akalipiga kofi lile komeo kwa furaha, akapaza sauti ili mwenye nyumba asikie.

"Haya, mwambieni Mwanamize alale salama! Kwa komeo hili nililomtilia, hata mimi mwenyewe siwezi tena kuingia!"

Pazia likatikisika, hatua zikaelekea chumbani.

"Ameupenda?" Mbaraka akamuuliza Bi Tausi.

"Amesikia," Bi Tausi akajibu.

Mbaraka akarudi nyumbani akipiga mluzi, akakaa kungoja jibu. Shaabani ikaisha, jibu halikuja. Kilichokuja ni habari kwamba Mwanamize ameozwa kwa Bwana Sefu. Alipoulizwa na baba yake alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukatosha.

Siku ya kumtoa bibi arusi, Bi Tausi akaja tena karakanani. Ujumbe ulikuwa umekwisha na mwiko ulikuwa umemtoka, naye alikuwa na hasira na machozi pamoja.

"Mlango ulikuwa moyo wake, Mbaraka! Waliobisha ni wachumba. Fundi ni wewe. Alikuita uingie, nawe ukaenda kumpachika komeo!"

Mbaraka akakaa chini juu ya maranda. "Mimi nilitengeneza mlango, Bi Tausi. Mlango tu."

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Nikamwambia, mwanangu, pengine ni mlango tu. Akanijibu, 'Mtu hachongi mvule kama ule kwa ajili ya mlango tu. Amenijibu kwa fumbo, kama nilivyomwita kwa fumbo. Amenifungia.'"

Mnaona balaa lile? Mmoja hakujua kuna fumbo, mwenzake hakuamini kwamba halipo. Wote wawili wanapendana, na wote wawili wako mbali.

"Na wewe ukaniacha hivihivi?" Mbaraka akalia.

"Mimi nilikatazwa kufasiri, wewe hukukatazwa kuuliza. Ungeniuliza, 'Mlango gani, mama?' ningekohoa tu, ungeelewa. Wewe uliniuliza bawaba."

Mbaraka akaenda akasimama ng'ambo ya njia. Vigelegele vikapigwa, mlango wa mvule ukafunguliwa, bibi arusi akatolewa. Bawaba hazikulia hata kidogo. Watu waliokuwa karibu wakausifu ule mlango, wakauliza fundi ni nani. Inaniuma mpaka leo kuisimulia.

Alioa baadaye, akapata watoto, akazeeka. Lakini ule mlango wa kale alioung'oa aliuegemeza ukutani mwa karakana yake, na bawaba zake zimelegea vilevile. Siku moja akaja mteja anatafuta mbao, akaugonga kwa kidole.

"Mzee Mbaraka, huu moyo wake bado mzima. Upige randa, unipatie meza."

Mzee Mbaraka akaacha kazi yake. Akaja akasimama kati ya yule mtu na ule mlango.

"Huo hapana, bwana," akasema. "Mlango wa shairi haupigwi randa."

Yule mteja alidhani mzee anamsemesha kwa fumbo. Akalichukua neno lile akaenda nalo barazani, watu wakalipenda, likaenea mpaka likawafikia nyinyi. Kumbe Mbaraka wa watu alikuwa anauzungumzia mlango wenyewe, ule pale ukutani.

Au pengine safari hii alijua anachosema. Basi kesho mtu akikwambia mlango wake umelegea, usikimbilie bawaba. Muulize kwanza ni mlango gani. Mlango wa shairi, wajukuu zangu, haupigwi randa.