Nyegere Mwenye Siku Tatu

"Hadithi naileta!"

"Ilete tuionje!"

"Ina chumvi!"

"Ndiyo tunayoitaka!"

Hapo kale ukame ulikausha mito yote, kikabaki kisima kimoja. Tembo, mkubwa wa nyika, akapanga zamu kwa haki. Haki tupu! Siku ya kwanza majike, ya pili wageni, ya tatu viwete. Wanyama wakapiga makofi mpaka kwato zikauma.

Palikuwa na Nyegere. Alikuwa jike, alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, na mguu wake mmoja ulivunjwa na mtego. Mwanawe alilia kiu. "Nyamaza, mwanangu," akasema. "Wenzetu wana siku moja, sisi tuna tatu!"

Siku ya kwanza akaenda. Swala, kiongozi wa majike, akamtazama mguu. "Dada, pole sana. Foleni yetu inakwenda mbio. Viwete wana siku yao."

Siku ya pili akaenda. Nyumbu, kiongozi wa wageni, akasema, "Shemeji, pole sana. Hapa tuko madume watupu, tunasukumana. Majike wana siku yao, tena ilikuwa jana!"

Siku ya tatu akaenda. Ngiri, kiongozi wa viwete, akasema, "Mama, pole sana. Sisi tulivunjikia hapa hapa, wewe ulivunjikia kwenu. Wageni wana siku yao."

Pole tatu, maji hakuna. Mtoto akaacha kulia, na hapo ndipo Nyegere alipoogopa.

Akamkimbilia Tembo, akamkuta ndani ya kisima, maji magotini. "Mzee, mwanangu anakufa!"

Tembo akauliza umati. "Majike wamekunywa?"

"Wamekunywa!"

"Wageni?"

"Wamekunywa!"

"Viwete?"

"Wamekunywa!"

"Basi wewe umekunywa mara tatu. Acha uroho."

"Na zamu yako, mzee, ni ipi?"

Tembo akashangaa. "Mimi? Mimi nakunywa tu."

Nyegere akaenda zake bondeni. Kwa miguu mitatu akachimba, akachimba, akachimba, maji yakatoka. Mtoto akanywa, akalia tena. Mama naye akalia.

Kisima cha Tembo kilipokauka, wote wakaja mbio. Tembo akakohoa. "Tupange zamu."

"Hapa anakunywa mwenye kiu," Nyegere akasema. "Na anaanza aliyefukuzwa foleni zote."

Wakajitokeza kutoka nyuma, wanachechemea, wanapapasa, wamebeba watoto. Walikuwa wengi, jamani! Hakuna aliyejua kama wapo.

Tembo akanywa wa mwisho, kisha akahutubia: "Nilisema hivi tangu mwanzo." Wakapiga makofi.

Hadithi yangu imeisha maji. Ukipanga haki, mwulize yule ambaye mambo yote yamemwangukia pamoja. Asiyeridhika aende kwa Tembo, atapewa pole.