Chui wa Magome

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufunga komeo kama sisi, alikuwepo Pimbi, mama kijana wa mtoto mmoja, Chiku. Na woga wake, jamani, jani likidondoka tu yeye keshambeba mwanawe, yuko juu ya mwamba.

Mwaka ule walikuwa wakijenga nyumba ya kuachia watoto wakati wa malisho, Chui asiwapate. Nyati alitengeneza mlango, Ngiri dirisha, na kila mmoja akajitengenezea chui wake wa kujaribia. Chui wa Nyati alikuwa gunia la majani makavu. Alilirusha mlangoni, pu, likaanguka, akasema mlango ni imara. Chui wa Ngiri alikuwa kibuyu. Kiligonga dirisha kikapasuka, na Ngiri akajisifu hadi jioni.

Pimbi hakuwasifu. Alikuwa amemwona Chui mwenyewe kwa Digidigi, akipenyeza mkono kwenye upenyo wa mlango na kuinua komeo taratibu, kama mwenye nyumba. Aliwaeleza, akaeleza tena, maneno yakimtoka mbiombio, na wao wakamwambia akalale kidogo, kunyonyesha kunamchosha.

Basi akaenda migombani akasuka chui wa magome, akamjaza mawe, akamtia kucha za miiba. Kisha akampitia Ngiri, akamnong'oneza kwamba Nyati anasema dirisha lake linaogopa chui mzito.

Ngiri alimbeba chui yule mbiombio, akamsukumiza dirishani. Puu! Dirisha zima likaingia ndani. Ngiri alikata mbao nene, akajaribu tena na chui yuleyule mpaka dirisha likashika.

Nyati alicheka siku nzima.

"Nipe huyohuyo, Mama Chiku," akasema. "Ngiri asije akasema nimejichagulia wa kwangu."

Hakujua kwamba Pimbi ameshapunguza mawe na kuingia yeye mwenyewe tumboni mwa chui wa magome. Nyati alimwegemeza mlangoni, akaingia ndani, akafunga komeo, akaketi kifua mbele.

Kri. Kimkono kikapenya kwenye upenyo. Kri, kri. Komeo likapanda, mlango ukafunguka, na chui akamwangukia Nyati mgongoni. Nyati akakimbilia dirishani, ngo! Dirisha la Ngiri halikutikisika hata kidogo.

"Usiniue," akasema Nyati, macho kayafumba. "Nina ndama."

"Na mimi nina Chiku, Mzee Nyati," tumbo la chui likajibu. "Sasa tuzungumze habari za hilo komeo."

Huko nje Ngiri alikuwa chini, anagaagaa kwa kicheko.

Nyati aliziba upenyo, akalipigia komeo kabari ya mti mgumu, na Pimbi akahangaika nalo kwa nje mpaka mkono ukamuuma, lisipande. Toka hapo aliyejenga uzio au paa alimwazima chui huyohuyo, na Chui wa kweli akijifunza ujanja mpya, Pimbi aliutia kwa yule wa magome, na wote wakaujua mara moja.

Alasiri moja Chui akaja. Watoto wako ndani, wakubwa wako malishoni, na Pimbi aliyekuwa akirudi kumnyonyesha mwanawe akagandia mwambani. Chui akasukuma dirisha. Likashika. Akakwaruza mlango, akatafuta upenyo, akahangaika na komeo huku akilaani, kisha akaketi chini, amechoka. Hapo ndipo alipomwona mwenzake wa magome, kaegemea ukuta.

"Wewe," akamuuliza, "nani amekufundisha kazi yangu?"

Chui akaondoka zake, akigeuka geuka nyuma, na Pimbi akashuka mbio kwenda kumnyonyesha Chiku.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayejitengenezea adui wa kumshinda kwa raha, bado hajajaribu kitu.