Tumbo la Nyenje

Wapendwa, kaeni vizuri. Na nyinyi wa nyuma mnaoegemea ukuta, rangi hiyo imepakwa jana. Leo sikuja na simba wala kondoo. Nimekuja na mjusi.

Palikuwa na mzee mmoja, mstaafu. Katika utumishi wake alikuwa mtunza stoo wa serikali, na kila aliyewahi kwenda stoo ya serikali kuomba balbu anamjua mtu huyu bila mimi kumtaja. Aliketi nyuma ya dirisha dogo lenye nondo. Ukiomba ufagio mpya, anakuuliza ule wa zamani uko wapi, na ukimwambia umeisha, anataka kuona ulivyoisha. Huo haukuwa ukatili. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kitu kikishapangwa kwenye rafu kinatulia hapo mpaka siku kitakapoitwa. Misumari haili. Rimu za karatasi haziombi maji. Katika utumishi wake wote hakuna boksi hata moja lililomgeukia likamwambia lina kiu.

Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye akafuga guruguru, yule mjusi mkubwa wa kwenye mawe, mwenye magamba yaliyopangika kama vigae. Alimwokota angali mdogo, amenasa kwenye bomba la maji ya mvua, akamlea mpaka akawa jike la kutisha wageni. Akamjengea sanduku kubwa la mbao lenye wavu, mchanga na mawe. Walimu walileta wanafunzi kumtazama. Jua likiwaka asubuhi, mzee anamtoa, naye anapanda taratibu kwenye mkono wake, anajinyoosha juu ya shati, analala. Mzee hathubutu kusogea. Chai inapoa mezani, simu inaita, yeye ametulia kama kiti. Mkewe alizoea kusema kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kupata utulivu wa namna ile.

Kumfuga guruguru ni jambo la kibali. Basi afisa wa wanyamapori akaja, kijana mwenye adabu na jalada kubwa. Akampima mjusi kwa futi, akaandika. Akalitazama sanduku, akaandika. Akauliza mnyama anakula nini.

"Nyenje," mzee akajibu, akamwonyesha pipa la plastiki lililofunikwa kwa chandarua. Mle ndani, katikati ya trei kuukuu za mayai, walijaa nyenje, wadudu wale wanaokukosesha usingizi wakiimba nyuma ya kabati.

"Na hawa wana kibali?"

"Walihitaji?"

Afisa akapekua jalada. Akapekua tena kutoka nyuma kuja mbele. "Humu hawamo. Wangekuwa wanyamapori, ningewakuta humu. Wangekuwa mifugo, wangekuwa kwa bwana mifugo. Kiserikali, mzee wangu, hawa hawapo."

"Lakini wanasikika."

"Wanasikika bila kibali," afisa akasema, akafunga jalada.

Mtu mwingine angecheka neno hilo likapita. Mzee wetu halikumpita. Tangu aanze alikuwa anawatunza nyenje vizuri: pumba kidogo, maganda ya karoti, jani la boga, na pamba iliyoloweshwa ili wanyonye maji humo, maana ukiwawekea bakuli wanazama. Nao waliimba kwelikweli. Lakini afisa alipoondoka, yule mtunza stoo aliyekuwa amelala ndani ya mzee akaamka. Akajiuliza: kumbe nimekuwa nikitoa karoti zangu kwa ajili ya nani? Mwenye kibali ni guruguru. Hawa ni chakula chake. Na chakula cha chakula kinatoka kwenye fungu gani?

Jioni mkewe akamwuliza, "Umewapa maji wale?"

"Wale akina nani?"

"Wale wanakwaya wako wa kwenye pipa."

"Mama, mimi ninayemfuga ni guruguru. Wale ni akiba. Uliona wapi mtu anaulisha unga?"

"Unga hauna miguu. Chakula chenye miguu kina tumbo, baba."

Mzee akacheka. Alimpenda mkewe, ila katika mambo ya stoo hakuwahi kumsikiliza mtu.

Basi pumba zikakoma, na pamba ikakauka. Wale wadudu wakatafuna trei za mayai. Trei zilipobaki vipande, wakaanza kutafunana wenyewe kwa wenyewe, wakianza na wale waliokuwa wanajivua ngozi, kwa sababu anayejivua ngozi hawezi kukimbia. Uimbaji ukapungua, ukawa wa mmoja mmoja, halafu ukanyamaza. Mzee akasimama mlangoni akausikiliza ule ukimya, akaona ni maendeleo.

Msimhukumu haraka. Huyu hakuwa mtu mbaya. Mimi ningempangisha nyumba bila wasiwasi. Katika siku hizohizo alikuwa anamchemshia guruguru yai, analiponda kwa uma. Anamkatia papai, anatoa mbegu mojamoja. Anambadilishia maji kila asubuhi na kuyaonja kwa kidole yasiwe baridi. Upendo alikuwa nao, na mwingi. Ila upendo wake ulikuwa na anwani moja tu.

Kipupwe kikaingia. Mnajua baridi ya huku kwetu, inayomfanya mtu mzima aoge kwa barua. Mjusi kwenye baridi anakuwa mzito. Guruguru akawa anajichimbia mchangani na kulala, hataki yai, hataki papai. Katika hali hiyo afisa akapiga simu kwamba wiki inayofuata anakuja kukagua kibali upya.

"Masharti ni yaleyale, mzee," akasema. "Mnyama asiwe amekonda, asiwe na jeraha. Nikimkuta ana jeraha, nitalazimika kuondoka naye. Si mimi, ni kanuni."

Mzee akakata simu, akaenda kumtazama. Akamshika mkia, akauona mwembamba. Mkia wa guruguru ndio ghala lake la mafuta. Akaenda kwenye pipa, akatikisa vile vipande vya trei, akachota nyenje kopo zima, akawamwaga wote ndani ya sanduku. Akafunika, akajisemea: akiamka wakati wowote, atakuta meza imeandaliwa.

Asubuhi akakuta ncha ya mkia ina damu. Vidole viwili vya mguu wa nyuma vimechubuka.

Panya, akasema. Hapana mwingine. Akatega mtego mlangoni mwa sanduku, akaweka dagaa. Akakaza wavu kwa misumari. Na kwa kuwa mgonjwa lazima ale apate nguvu, akaenda tena kwenye pipa, akachota kopo la pili, akamwongezea.

Kesho yake dagaa yupo mtegoni, mzima, hajaguswa. Guruguru ana kidonda kwenye kope.

"Huyo panya gani," mkewe akauliza, "anayeacha dagaa?"

"Mjanja huyo. Kaishi sana na watu," mzee akasema. Akatoka akanunua kufuli.

Akafunga kufuli, wapendwa. Akajaribu kulivuta, likagoma kufunguka, akaridhika. Namwona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Ameshajua. Mama, naomba usiwaambie wenzako bado. Ila wengine nawauliza: mtu akikaza wavu, akatega mtego, akafunga kufuli, na mwizi yumo ndani anakula taratibu, kufuli hilo linamlinda nani?

Siku ya ukaguzi ikafika. Mzee alikuwa amevaa koti. Mkewe akalifungua kufuli. Afisa akainama na tochi yake.

"Mzee. Hebu njoo uone. Hapa nani anamla nani?"

Mzee akachungulia. Guruguru wake amelala kwenye mchanga, macho nusu wazi, baridi imemshika hawezi kukung'uta hata mguu. Na chini ya tumbo, na kwenye kwapa, na pembeni ya jicho, wamejipanga nyenje, vichwa vimeinama, wanakula kimyakimya kama watu waliokaribishwa.

"Lakini hao ni chakula chake," mzee akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Naona. Na chakula chake kimekula lini mara ya mwisho?"

Mzee akamtazama mkewe. Mke, Mungu ambariki, akatazama kando. Angekuwa mke wa mtu mwingine angesema.

Fomu ya afisa ilikuwa na nafasi ya kujaza aina ya mnyama aliyeshambulia. Chini yake, kwa kumsaidia mkaguzi, serikali ilikuwa imetaja mifano: chui, fisi, mbwa wa mitaani. Afisa akafikiri, akaikata mifano yote kwa mstari mmoja, akaandika: chakula. Kisha akamfunga guruguru kwenye blanketi jepesi, akamweka kwenye kreti, akampeleka kwenye kituo ambako kuna daktari wa wanyama na joto la kutosha. Aliomba radhi mara kadhaa. Mzee akasindikiza gari kwa macho mpaka vumbi likakaa chini.

Guruguru huyo alipona, msiogope. Hakurudi, lakini alipona.

Sasa sikilizeni kilichotokea jioni ile, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka tufike. Sanduku tupu, mlango wazi. Kwenye pipa wamebaki nyenje wachache wanaojikokota. Hakuna tena wa kuwala. Hawana kazi, hawana faida, hawamsaidii mtu. Mkewe alimkuta jikoni anakata karoti, vipande vidogo, kama alivyokuwa akikata papai. Akampa pamba, naye akailowesha. Wakaenda wote wawili, wakafunua chandarua, wakawawekea.

Jamani, ile ilikuwa mara ya kwanza mzee yule kuwalisha nyenje. Nasema mara ya kwanza, na karoti za mwanzoni nazijua. Zile alikuwa anampa guruguru, zikipitia kwao. Jioni ile ndipo alipowalisha wao, kwa sababu moja tu: walikuwa na njaa.

Tuje kwetu sisi. Tunao watu tuliowapanga kwenye rafu. Yule binti anayemlisha mtoto wako uji wa maziwa saa moja asubuhi, yeye anakunywa nini, na saa ngapi? Mlinzi wako: umempa rungu, umempa funguo za geti, umempa usiku mzima na njaa juu yake, halafu wewe unalala kwa amani kwa sababu una mlinzi. Mwalimu tunayemwambia atujazie watoto wetu maarifa, tumewahi kuuliza yeye anajazwa na nini? Tunasema hawa wapo kwa ajili yetu. Ni kweli wapo. Lakini kabla ya kuwa kwa ajili yetu, wapo. Na hilo la pili ndilo Mungu analolijua kwanza.

Najua wapo watakaorudi nyumbani leo wakamwekea binti wa kazi nyama kwa kuogopa kung'atwa. Sawa. Wekeni. Nyama ya woga nayo inashibisha, na mtu akianza kwa woga, Bwana anaweza kumfikisha kwenye upendo. Ila tusiishie hapo. Mtu unayemlisha ili asikudhuru bado ni kitu chako. Ukimlisha kwa kuwa ana njaa, basi, amekuwa jirani.

Na kwa kuwa mhubiri anayesema ya mitaani na kuacha ya nyumbani ni mwongo mwenye kanzu, niseme la humu ndani. Leo ni sikukuu ya mavuno. Tuna wageni wetu watukufu hapa mbele, karibuni sana. Kamati imeandaa ratiba nzuri, imechapwa kwa wino wa rangi. Kutakuwa na chakula: kwanza mgeni rasmi, halafu wachungaji, wazee wa kanisa, kwaya kuu, kwaya ya vijana, na wanaopiga picha. Harufu mnaisikia tangu ibada ianze. Inatoka nyuma ya jengo hili, ambako kina mama wamekaa kwenye moshi tangu alfajiri. Mwaka jana, tulipomaliza kula na kupeana mikono, nilipita kule nyuma kutafuta kofia yangu. Niliwakuta wanakwangua ukoko, wanagawana, wanacheka ili nisione aibu.

Nimezungumza na mgeni rasmi kabla ya ibada. Amesema ana njaa, lakini ataweza kusubiri. Kwa hiyo tukitoka hapa sote tutaketi, na kina mama wale watanawa mikono kwanza. Nitapakua mimi, na mzee wa kanisa atashika birika la maji.

Simameni tuimbe. Tuimbe beti mbili tu, tuache hizo nyingine. Watu wana njaa.