Lundo Lipo, Shimo Liko Wapi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia vizuri. Sogeeni basi. Na nyie watu wazima huko nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Ya leo ni yenu zaidi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mbuga isiyo na mawe wala mapango. Nyasi tupu. Kila kiangazi moto ulikuja. Vuuu, unakuja na upepo. Mwenye mabawa akaruka. Mwenye miguu mirefu akakimbia. Mwenye miguu mifupi akaungua.

Nyati ndiye aliyekuwa mkuu wa mbuga. Akaita baraza, akasema, "Wanyonge wachimbiwe mashimo ya kujifichia. Muhanga ana kucha ngumu, achimbe yeye. Sisi tumwachie vichuguu vyote, ale mchwa peke yake." Wakakubali. Na Mbuni, kwa kuwa ana hatua ndefu, akafanywa mkaguzi.

Muhanga akaanzia bondeni. Kwachu, kwachu, kwachu. Alichimba mpaka kucha zikamuuma. Likatoka shimo refu, jembamba, lenye giza mpaka mwisho. Udongo wake akautawanya kwenye nyasi, ili Fisi asijue mlango ulipo.

Mbuni akapita, tapu, tapu, tapu. Akainamisha shingo.

"Lundo la udongo liko wapi?"

"Nimelitawanya, mama. Fisi asione mlango. Ila shimo ni refu, karibu uingie."

"Niingie na manyoya haya? Muhanga, Mkuu huniuliza malundo. Nikamwambie nini?"

Siku ya baraza Muhanga akasimamishwa mbele za watu, akaambiwa ni mvivu anayekula mchwa wa bure. Wanyama wakacheka. Hata Ngiri, mama mwenye watoto wadogo, alicheka. Kwake Muhanga alikuwa bado hajachimba, na kucheka hakukumgharimu kitu.

Muhanga akarudi nyumbani. Siku iliyofuata akaenda kwa Ngiri. Kwachu mara moja, kwachu mara mbili, akaacha. Akageuka, akakwangua udongo wa juu huku na huku, akausukuma kwa miguu ya nyuma. Likainuka lundo la kuonekana mbali. Mbuni akaliona, akafurahi. Muhanga akasifiwa. Akahamia kwa mwingine, akafanya vilevile. Akasifiwa tena.

Ngiri naye alijivunia lundo lake. Kila jirani aliyepita alioneshwa. Mpaka siku moja akasema, hebu nijaribu kuingia. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega. Kiuno kikabaki nje. Watoto wakamcheka. Yeye hakucheka.

Akaenda kwa Muhanga. "Kaka, shimo langu halina kina."

"Lundo umeliona, dada?"

"Nimeliona."

"Basi shimo lipo."

Akaenda kwa Mbuni. "Mama mkaguzi, shimo langu halina kina."

"Lundo lipo?"

"Lipo."

"Basi shimo lipo."

Akaenda mpaka kwa Nyati, akapiga magoti. "Shikamoo, Mkuu. Shimo langu halina kina."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nasikia malundo yameongezeka mbuga nzima? Tatizo lako ni woga. Nenda ukapumzike."

Ngiri akaenda, lakini hakupumzika. Alianza kufukua mwenyewe kwa meno, kidogo kidogo. Ardhi ilikuwa ngumu, na kiangazi hakikumngoja.

Moto ukaja. Vuuu. Ngiri akainua mkia juu, watoto wauone na kuufuata kwenye nyasi. Akafika kwenye lundo la jirani. Lundo lipo, shimo hakuna. Akakimbilia lingine. Lundo lipo, shimo hakuna. Moshi ukamwingia machoni. Lingine tena. Lundo lipo, shimo hakuna. Ndipo akalikumbuka lile la bondeni, lisilo na lundo, alilolicheka. Akateremka mbio. Watoto wakatumbukia mmoja mmoja, yeye akaingia mwisho, kinyumenyume, uso mlangoni. Akawaita kwa majina. Kitindamimba hakuitika. Akamwita tena. Hakuwamo.

Nani anaweza kusimulia uchungu wa mama? Mimi siwezi.

Mle ndani gizani kuna mtu alikohoa. Alikuwa Muhanga.

"Kaka Muhanga," Ngiri akasema, "mbona hukuingia kwenye lile lundo langu kubwa?"

Muhanga akajibu, "Kule hakuna kitu, dada."

"Na ulijua."

"Nilijua. Kwa hili la kina nilitukanwa mbele za watu, na wewe ulicheka. Kwa yale ya bure nikasifiwa. Nikafanya kile wanachokipenda."

"Kweli nilicheka," Ngiri akasema. "Hilo ni langu, nitakaa nalo. Lakini wewe ulipokimbia hatari, miguu yako ilijua njia. Mwanangu hukumwonesha."

Muhanga akalia. Kulia kwake hakukumrudisha mtoto.

Moto ulipopoa, Nyati akaita baraza. Ngiri hakupiga kelele. Akawaongoza wote mpaka kwenye lundo lake lililosifiwa, akasema, "Mama mkaguzi, ingia."

Mbuni akaingiza kichwa. Mwili mzima ukabaki juani. Siku nyingine wangecheka mpaka kuanguka. Hakuna aliyecheka.

"Mkuu," Mbuni akasema, "mimi niliulizwa malundo."

Nyati akayatazama malundo, moja baada ya jingine, mpaka macho yalipoishia. Akasema taratibu, "Ni kweli. Niliuliza malundo, nikaletewa malundo. Mama huyu alikuja kwangu na neno la shimo, nikamwambia ana woga. Damu ya mwanawe iko shingoni mwangu kabla ya shingo zenu."

Siku hiyo wakapanga upya. Muhanga akichimba, alale humo kwanza na watoto wake. Mkaguzi aingie mpaka mwisho, manyoya yachafuke. Shimo lisihesabiwe mpaka mwenye kulitumia aseme limemtosha. Na Nyati, mwenye kulalamika akija, asimame, aende naye.

Muhanga akarudia kazi, shimo kwa shimo, la Ngiri kwanza. Alipomaliza akasimama pembeni, kichwa chini. Ngiri hakuuliza lundo. Akamgeuzia uso, akaingia kinyumenyume, polepole, mpaka kiuno kikagusa mwisho. Anapima kwa mwili wake, na macho yake yanamtazama aliyechimba. Ndivyo ngiri anavyoingia shimoni hata leo.

Basi jueni hivi, wadogo na wakubwa. Aliyepewa kazi ya watu apimwe kwa kile kilichowafikia watu. Na anayempima asiishie mlangoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo nzuri bebeni, iliyo na upungufu nirudishieni mimi niliyeisimulia.