Pimbi Aliyeutamani Udongo wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majembe yao na mikeka yao, Pimbi alikaa bondeni, penye mawe matupu. Kila alichopanda kilikauka. Wanawe watatu walilala na njaa, na jambo hilo lilimuuma sana.

Juu yake, mlimani, alilima Nyati. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, na kila baada ya mavuno aliyaacha mabua yatandae shambani, yaushike usichukuliwe na mvua.

"Udongo ule utakuwa wangu," Pimbi akamwambia mkewe. Akapanga mawe mbele ya nyumba, yaudake ukiteremka.

Halafu huyoo, mbio mpaka kwa Nyati!

"Hodi, mzee Nyati! Mh! Shamba chafu hivi, na wakwe wanakuja kumposa binti yako?"

"Chafu?" Nyati akashtuka.

"Watasema amelelewa na wavivu! Choma mabua, ng'oa nyasi, ufagie ling'ae kama ua wa nyumba."

Masikini Nyati, nguvu tele, akili za kuazima. Akachoma, akang'oa, akafagia, fya! fya! Halikubaki hata bua moja.

Pimbi akarudi akicheka. Hesabu zake alizipiga kwa mvua alizozizoea, manyunyu ya siku nyingi, yanayoshusha udongo kidogo kidogo.

"Baba Watoto," mkewe akauliza, "na ikinyesha yote kwa siku moja?"

"Wewe nawe! Lini imenyesha hivyo?"

Mwaka ule jua liliwaka miezi sita, na mlimani halikuota hata jani. Kisha mchana mmoja mvua ikamwagika. Pwaa! Pwaa! Matone makubwa yakaupiga udongo uliokuwa uchi. Maji hayakuzama. Yakakimbia nao bondeni.

Pimbi akatoka nje akirukaruka. "Unakuja! Udongo wangu unakuja!"

Ukaja kweli. Guuuu! Ukayabwaga mawe yake, ukamtupa kando, ukaingia nyumbani, ukajaa hadi paani. Mkewe alichomoka na mtoto mmoja tu mkononi.

Mvua ilipokatika, Nyati akashuka akitweta.

"Pimbi! Shamba langu limebaki mwamba. Kwa nini uliniambia nifagie?"

 Pimbi alikuwa amepiga magoti juu ya udongo mweusi, mwingi, akiuchimba kwa kucha na kuwaita wanawe wawili kwa majina. Nyati akamtazama, hasira zikamwisha, akainamisha pembe wakachimba pamoja. Hakuna aliyeitika.

Wanangu, anayemdanganya jirani wa juu aiache ardhi uchi, ajue maji yatamshukia yeye.